Niliyojifunza kwa Nyuki Wasiobeba Chavua

Nyuki jike anayelea watoto wake mwenyewe hujulikana kwa mzigo wake. Ana nywele nene kwenye miguu ya nyuma au chini ya fumbatio, na nywele hizo hushika chavua anayoipeleka kiotani. Hata siku asiyokuwa na mzigo, brashi ile huonekana wazi. Wapo nyuki wengine, wengi wao wenye urefu wa milimita 4 hadi 10 tu, ambao hawana brashi hiyo kwa kuwa hawana kazi nayo. Huingia katika viota vya nyuki wa spishi nyingine na kutaga yai humo, kisha buu lao hula akiba ya chavua na mbochi iliyokusanywa na mwenyeji. Kati ya spishi zaidi ya 20,000 za nyuki ambazo wanasayansi wamekwisha kuzieleza, zaidi ya moja katika kila kumi huishi kwa namna hii. Nimewafuatilia kwa miaka mingi, wakiwa wavuni, kwenye pini na chini ya hadubini, na nimeshawishika kwamba mtu huwatambua vizuri akianza na kile walichokikosa, akaendelea na zana walizonazo kwa ajili ya wizi wao, na kuiacha rangi, ambayo ndiyo huvutia jicho mara ya kwanza, iwe shahidi wa mwisho.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa na sharti lililoniudhi sana mwanzoni. Aliweka nyuki chini ya hadubini na kunitaka nimweleze kwa maandishi bila kutumia neno lolote la rangi. Hapakuwa na nyekundu, njano wala nyeusi. Palikuwa na umbo la kichwa, urefu wa pingili za vipapasio, vitobo vya ngozi, mwelekeo wa mishipa ya bawa, idadi ya miiba. Ukurasa ukijaa, aliusoma kimya, akauliza swali moja, kwa mfano kama pingili ya tatu ya kipapasio ni fupi kuliko ya nne upande wa juu au wa chini, nami nikalazimika kurudi hadubinini. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba sharti lile halikuwa mazoezi ya mwanafunzi tu. Yeye mwenyewe, baada ya maisha marefu katika fani, alifanya vivyo hivyo kila alipokutana na jike asiyemfahamu.

Swali la kwanza, kabla hata ya kuuliza ni nyuki vimelea wa aina gani, ni kama aliye mbele yako ni nyuki. Nyuki hawa hufanana mno na nyigu. Hawana manyoya mengi, ngozi yao hung'aa, na wengi wana mistari ya njano na nyeusi au fumbatio jekundu, kiasi kwamba watu wengi huwapita bila kuwatazama mara ya pili. Nyigu wa karatasi na jamaa zao wa familia ya Vespidae huondolewa haraka: wanapotua hukunja mabawa ya mbele kwa urefu, na macho yao makubwa yana pengo upande wa ndani, yakafanana na figo. Nyigu wawindaji wa buibui nao hujitenga kwa bamba la mbele la kifua, ambalo hurudi nyuma hadi kugusa mzizi wa bawa; kwa nyuki bamba hilo huishia kwenye kinundu cha mviringo kisichoufikia mzizi huo. Ugumu uko kwa nyigu wachimbaji wa familia ya Crabronidae, ambao ni ndugu wa karibu wa nyuki na wana kinundu kile kile. Hapo mimi hutazama mambo mawili. La kwanza ni pingili ya kwanza ya wayo wa nyuma, ambayo kwa nyuki ni pana na bapa kuliko zinazoifuata, ilhali kwa nyigu huyu ni nyembamba kama wenzake. La pili ni nywele: za nyuki, walau baadhi yake, zina matawi, na za nyigu ni nyoofu. Matawi hayo hayaonekani kwa lenzi ya mkononi ya mara 10. Yanahitaji hadubini yenye mwanga mzuri wa pembeni, na kwa nyuki asiye na manyoya mengi inabidi kuyatafuta nyuma ya kifua, karibu na kiuno, ambako mara nyingi husalia hata kwa nyuki mzee aliyechakaa. Nywele za usoni zinazong'aa kwa fedha au dhahabu huashiria nyigu, lakini hiyo ni dalili ya kukuamsha tu, si hukumu.

Akishathibitika kuwa nyuki, ndipo kutokuwapo kwa brashi kunapopata maana. Lakini kutokuwapo kwa kitu ni ushahidi mgumu kuushika, na hapa ndipo nilipojifunza kwenda polepole. Madume wa nyuki wote hawana brashi, kwa sababu hakuna dume anayekusanya chavua. Kwa hiyo kabla ya kusema lolote ni lazima kujua jinsia, na hilo huamuliwa kwa kuhesabu: jike ana pingili 12 katika kipapasio na mabamba sita yanayoonekana mgongoni mwa fumbatio, dume ana pingili 13 na mabamba saba. Kuna pia nyuki wa jenasi Hylaeus, wadogo, weusi, wenye alama za njano au nyeupe usoni na karibu hawana nywele kabisa. Huyu si mwizi. Humeza chavua na kuibeba tumboni, kisha huitapika kiotani, na ndiyo maana miguu yake ni mitupu. Ukiacha spishi chache za visiwa vya Hawaii ambazo kweli ni vimelea, Hylaeus wote hujitafutia wenyewe. Nyuki wa jenasi Ceratina nao wana brashi hafifu inayoweza kumpotosha mtazamaji mwenye haraka.

Kisa cha ajabu zaidi ni cha nyuki aliyeibiwa sura yake. Jenasi Andrena, ambayo ni mwenyeji mkuu wa nyuki vimelea wengi, hushambuliwa na wadudu wa oda ya Strepsiptera, wanaoishi ndani ya mwili wa nyuki na kuchomoza vichwa vyao vidogo vya kahawia kati ya mabamba ya fumbatio. Jike aliyeshambuliwa hivyo huweza kupungukiwa na brashi ya miguu, na wakati mwingine hupata uso wa njano kama wa dume wa spishi yake, huku dume aliyeshambuliwa akipoteza njano hiyo. Nimewahi kushika jike wa namna hii na kukaa naye mchana kutwa, kwa kuwa hakulingana na maelezo ya nyuki yeyote, hadi nilipoinua kingo za mabamba kwa pini na kukiona kichwa cha mgeni wake. Tangu hapo kila nyuki mwenye brashi pungufu humkagua fumbatio kabla ya kitu kingine.

Jenasi iliyonipa kazi nyingi zaidi ni Nomada, yenye spishi zaidi ya 700, na ndiyo inayofanana na nyigu kuliko zote. Jike wa Nomada hutaga yai lake kwenye ukuta wa chumba cha kiota wakati mwenyeji yuko nje. Buu likiangua huwa na mataya marefu yaliyochongoka, nalo huua yai au buu la mwenyeji kabla ya kugeukia chakula. Mtu akimtazama Nomada kwa mara ya kwanza huona mistari na madoa ya njano, nyeusi na nyekundu, na hudhani kwamba mpangilio wa madoa hayo ndio jina. Kwa spishi chache ni kweli. Kwa nyingi sivyo, kwa sababu doa linaloonekana kwa jike mmoja hutoweka kwa dada yake.

Ninapomchukua Nomada, huanzia kwenye mguu wa nyuma, pale muundi unapokwisha. Upande wa nje wa ncha hiyo pana miiba midogo, na idadi yake, unene wake, nafasi kati yake, na kama inasimama wima au inalala, ni miongoni mwa sifa zinazotenganisha spishi kwa uhakika kuliko madoa yote ya mgongoni. Miiba hii hupotea kirahisi kati ya nywele, na hulazimu kumgeuza nyuki mpaka mwanga umulike muundi kutoka nyuma. Kisha huenda kwenye vipapasio, nikilinganisha pingili ya tatu na ya nne. Kipimo hiki kina mtego: pingili ya tatu mara nyingi hukatwa mshazari, hivyo upande wake mmoja ni mrefu kuliko mwingine, na maelezo yasiyosema ni upande upi uliopimwa hayana faida. Baadaye huja mataya. Spishi nyingi zina taya lenye ncha moja, lakini Nomada ruficornis, aliyepewa jina na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758, ana taya lenye ncha mbili, na sifa hiyo moja humwondoa katika kundi kubwa la wanaofanana naye. Mdomo wa juu nao unaweza kuwa na jino dogo katikati au kwenye ukingo, na ili kuliona ni lazima mataya yafunguliwe nyuki akiwa bado laini. Kwa madume huongeza kutazama vinundu vilivyo chini ya pingili za vipapasio, nywele za chini ya paja la nyuma, na kama bamba la mwisho la fumbatio lina pengo au limenyooka.

Nimeziandika sifa hizi kwa mfuatano ninaoutumia mimi, lakini haujatakaswa na mtu yeyote. Mwenzangu mmoja, mjuzi kuliko mimi, huanza na umbo la kifua na kuyaacha mataya mwisho. Tunachokubaliana ni kwamba sifa moja haitoshi, na kwamba sifa mbili zinazopingana ni habari muhimu kuliko tatu zinazokubaliana, kwa kuwa humlazimisha mtu arudie kutazama.

Sphecodes ni ulimwengu mwingine. Hawa ni weusi, na sehemu ya fumbatio, mara nyingine lote, ni nyekundu inayong'aa; jenasi ina spishi zaidi ya 300. Tofauti na Nomada, jike wa Sphecodes hafanyi wizi wa kuvizia pekee: huingia kiotani, hufungua chumba, huliharibu yai la mwenyeji na kutaga lake, na pengine hupambana na mwenye nyumba. Mwili wake unasomeka hivyo. Ngozi ya kifua ni nene, imejaa vitobo vikubwa vilivyosongamana, na nyuma ya kifua pana matuta yaliyofumana kama wavu. Nilipoanza kutazama ngozi badala ya rangi, Sphecodes waliacha kunichanganya na nyigu wachimbaji wenye fumbatio jekundu, kwa sababu ngozi ile nzito, pamoja na mshipa wa msingi wa bawa la mbele uliopinda kama upinde, alama ya familia ya Halictidae, haimpati nyigu yeyote kati yao.

Hata hivyo kumjua kuwa ni Sphecodes ni nusu ya safari, tena ile nyepesi. Majike hutenganishwa kwa umbo la kichwa likitazamwa kutoka juu, kwa kimo cha utosi nyuma ya macho madogo matatu, kwa wingi wa vitobo kwenye bamba la pili na la tatu la fumbatio, na kwa idadi ya vikulabu vidogo kwenye ukingo wa bawa la nyuma, vinavyoliunganisha na bawa la mbele nyuki anaporuka. Sphecodes monilicornis ana kichwa kinachokaribia mraba, na baada ya kumwona mara kadhaa mtu humtambua bila kupima. Wadogo wake, wale wa milimita 5 hivi, hawana huruma kama hiyo. Vitobo vyao ni vidogo mno, na tofauti kati ya "vichache" na "vingi" huwa haina maana mpaka nyuki wawili wa spishi mbili wawekwe kando kwa kando. Ndiyo sababu naamini kwamba mkusanyiko mdogo wa vielelezo vilivyothibitishwa na mtaalamu una thamani kuliko ufunguo wa utambuzi, yaani mfuatano wa maswali unaompeleka mtu kwenye jina, hata ukiwa umeandikwa vizuri. Ufunguo hutumia maneno ya kulinganisha, na maneno ya kulinganisha hudai kuwe na kitu cha pili mezani.

Kwa madume wa Sphecodes nimeacha kabisa kujaribu kukwepa sehemu za uzazi. Vipapasio husaidia, maana kila pingili ina eneo la nywele fupi za kijivu karibu na shina lake, na ukubwa wa eneo hilo, kama linazunguka pingili nzima au linaishia kwenye msingi tu, hutenganisha makundi. Lakini jina la spishi hutoka kwenye umbo la viungo vya uzazi vilivyofichwa ndani ya ncha ya fumbatio. Hutolewa kwa pini iliyopindwa nyuki akiwa bado mbichi, dakika chache baada ya kufa au baada ya kulainishwa kwenye chombo chenye unyevu, kisha hubandikwa kwenye kikaratasi kinachokaa kwenye pini ile ile ya mwenyewe. Kazi hii ni ya mkono zaidi kuliko ya akili. Anayeiahirisha mpaka vielelezo vikauke huvunja mafumbatio mengi.

Jenasi nyingine hazikunichukua muda mrefu kiasi hicho, kwa kuwa miili yao inasema waziwazi. Coelioxys, yenye spishi takriban 500, ina jike mwenye fumbatio lililochongoka kama msumari, ambalo hulitumia kuficha yai katika chumba cha nyuki wakata majani wa jenasi Megachile kabla hakijafungwa. Dume wake ana ncha ya fumbatio yenye miiba kadhaa, na wengi wa jenasi hii wana nywele fupi juu ya macho yenyewe, jambo adimu kwa nyuki ukimwondoa nyuki wa asali. Pembe mbili zilizo nyuma ya kifua, moja kila upande, hukamilisha picha. Epeolus ni wadogo, wanono kidogo, na mapambo yao si rangi ya ngozi bali ni nywele bapa zilizolala kama magamba, zikitengeneza madoa meupe au ya kahawia nyepesi. Wenyeji wao ni Colletes, ambao hupaka kuta za vyumba vyao utando unaofanana na karatasi ya plastiki isiyopitisha maji, na jike wa Epeolus ana mikono miwili yenye meno kwenye bamba la mwisho la chini, ya kuupenyeza utando huo ili yai lizame ukutani. Kwa spishi za Epeolus huangalia umbo la eneo lenye nywele za fedha karibu na mwisho wa mgongo wa fumbatio, nikikumbuka kwamba nywele hizo husuguliwa zikatoka, hivyo jike mzee anaweza kuonekana mweusi kama asiye na pambo. Thyreus, wenye madoa ya buluu au meupe na bamba la nyuma ya kifua lililochomoza na kupasuka katikati, ni wakubwa kidogo kuliko wanaonihusu hapa, lakini huwataja kwa kila anayeanza, kwa sababu bamba lile huonekana hata kwenye picha ya mbali na humfundisha mtu kwamba umbo linaweza kutangulia rangi.

Nikirudi kwenye rangi, si kwamba naidharau. Naijua tu tabia yake. Njano ya nyuki aliyeuawa kwa sianidi huweza kugeuka nyekundu, na makusanyo ya zamani yana vielelezo vingi vya namna hiyo. Anayeviamini bila kusoma namna vilivyouawa ataandika habari za spishi zisizokuwapo. Baadhi ya spishi zina vizazi viwili kwa mwaka, na kizazi cha pili huwa kidogo kwa umbo na tofauti kwa madoa. Madume wa Nomada huwa na njano nyingi zaidi usoni kuliko majike wao, hata jozi ya spishi moja ikaonekana kama spishi mbili. Ukubwa nao ni shahidi dhaifu vilevile: buu hula akiba aliyoikuta, na akiba hiyo hutegemea mwenyeji, hivyo spishi yenye wenyeji kadhaa hutoa watu wazima wa vimo mbalimbali. Nimeona Sphecodes wawili wa jina moja ambao mmoja alionekana nusu ya mwenzake.

Tabia uwanjani hunisaidia kumpata nyuki kuliko kumtaja. Majike vimelea huruka chini chini, karibu kugusa ardhi, wakienda upande huu na ule juu ya matundu ya viota, wakitua kuchungulia na kuondoka; nyuki anayekusanya chavua haruki hivyo, huja moja kwa moja na kuzama. Jioni, majike na madume wa Nomada hulala wakiwa wameuma shina la jani kwa mataya, miguu ikining'inia, na huo ni wakati mzuri wa kuwapiga picha bila kuwaua. Kuna pia suala la harufu, ambalo mimi siwezi kulitumia kwa utambuzi lakini hunikumbusha jinsi sifa za mwili na maisha zilivyofungamana: mwaka 1977 watafiti Jan Tengö na Gunnar Bergström walieleza kwamba madume wa Nomada hutoa kwenye tezi za mataya harufu inayolingana na ile ya majike wa Andrena wanaoibiwa.

Mwenyeji aliye karibu ni dalili inayojaribu sana. Nomada fucata huandamana na Andrena flavipes, Nomada armata na Andrena hattorfiana, na akionekana mmoja juu ya viota vya mwingine, jina hujileta lenyewe mdomoni. Mimi huliandika, lakini kwenye mstari wake, mbali na sifa za mwili. Mtu akimtambua mwizi kwa kumtazama mwenyeji, kisha akaandika kwamba mwizi huyo ameonekana kwa mwenyeji fulani, atakuwa ametumia neno lile lile mara mbili kama ushahidi na kama matokeo, na atakayesoma kumbukumbu zake baada ya miaka hatajua ni kipi kilitangulia. Juu ya hayo, uwanja mmoja wenye viota huweza kuwa na wenyeji watatu au wanne, na nyuki anayechungulia tundu si lazima awe na shughuli nalo.

Mengine ni ya maandalizi, na nayataja kwa kuwa utambuzi mwingi hushindikana kabla hadubini haijawashwa. Nyuki aliyetumbukizwa kwenye alkoholi hutoka na nywele zilizogandamana, na mpaka aoshwe na kukaushwa kwa hewa ya uvuguvugu huku nywele zikichambuliwa kwa brashi laini, haiwezekani kusema kama alikuwa na brashi ya chavua au la. Aliyewekwa kwenye friji ya kugandisha, au aliyeuawa kwa mvuke wa ethili asetati, hubaki laini vya kutosha kufunguliwa mataya na kunyooshwa miguu. Mabawa yainuliwe, maana vikulabu na mishipa havisomeki yakiwa yamelalia mgongo. Kwa wanaopiga picha tu, ambao nawaheshimu kwa kutoua, ninaomba picha ya uso kutoka mbele, ya mguu wa nyuma kutoka pembeni, ya bawa, na ya fumbatio kutoka juu. Picha moja nzuri ya mgongo, hata ikiwa kali kiasi gani, humwacha Nomada wa kawaida akiwa na majina matano yanayowezekana.

Siku hizi kuna kipimo cha DNA, kile kipande cha jeni COI chenye herufi 658, na nimekitumia kwa madume walionishinda. Hujibu vizuri pale ambapo kielelezo cha kulinganishia kilitambuliwa vizuri. Pale kilipotambuliwa vibaya, hurudisha kosa lile lile likiwa limevaa nguo za maabara. Kwa hiyo mguu uliokatwa kwa ajili ya kipimo huacha mwili mzima kwenye pini, ukiwa na lebo ya mahali, tarehe na mkusanyaji, na namba inayounganisha viwili hivyo.

Sanduku langu la Sphecodes wadogo bado lina safu mbili zenye jina la jenasi peke yake. Chini ya kila mmoja nimeandika nilichokiona: idadi ya vikulabu, kimo cha utosi, wingi wa vitobo kwenye bamba la pili, na kwa madume, mpaka wa nywele kwenye pingili ya tano ya kipapasio. Wataalamu wawili wamekwisha kulipitia. Mmoja alihamisha watatu kwenda kwenye safu yenye jina; wa pili aliangalia mmoja kati ya hao watatu kwa muda mrefu, akahesabu vikulabu upya kwenye bawa la kushoto na la kulia, na kumrudisha alikotoka.